Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Mhubiri wa Mataifa na Lugha ya Mvita

Kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hukutana na jina la Krapf mapema, aghalabu katika orodha ya kamusi za kale, likifuatwa na mwaka 1882 ndani ya mabano. Wengi hupita. Jina hilo hujitokeza tena katika vitabu vya historia ya Kenya, ambamo mwenye jina hutajwa kuwa Mzungu wa kwanza aliyeandika kwamba ameuona Mlima Kenya. Hujitokeza mara ya tatu katika historia ya Kanisa, ambamo anahesabiwa kuwa mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ni nadra sifa hizi tatu kuwekwa pamoja, ilhali mtu alikuwa mmoja, na kazi aliyoitambua mwenyewe kuwa yake ilikuwa moja tu: kuyafikishia mataifa Injili. Kamusi na mlima vilimjia njiani. Hata Kiswahili chenyewe, kama itakavyobainika, hakikuwa lugha aliyotoka kwao kuitafuta.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Sehemu hiyo ya Ujerumani ilikuwa na Walutheri wengi waliofuata mkondo wa Wapietisti, yaani waumini waliosisitiza uongofu wa moyo, usomaji wa Biblia nyumbani na wajibu wa kila Mkristo wa kuieneza imani yake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga kwa kosa ambalo hakulitenda, akaumia vibaya hata akaugua kwa takriban miezi sita. Katika kipindi hicho hakuwa na kazi nyingi ila kusoma Biblia. Alipopata nafuu alipelekwa katika shule ya Kilatini mjini Tübingen, na huko ikadhihirika kwamba mtoto huyu wa mkulima alikuwa na kipawa kisicho cha kawaida cha kujifunza lugha.

Shuleni mambo mawili yalimwingia akilini. La kwanza lilikuwa ramani ya Afrika, ambayo upande wa mashariki ilikuwa na majina machache na nafasi tupu nyingi. Pengo hilo lilimtamanisha kusafiri, akasoma habari za James Bruce, Mskoti aliyefika Uhabeshi katika karne ya kumi na nane. La pili lilikuwa makala ambayo mkuu wa shule aliwasomea wanafunzi siku moja kuhusu uenezaji wa Ukristo katika nchi za mbali. Kijana Krapf akayaunganisha mambo hayo mawili: ramani yenye mapengo, na agizo ambalo, kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, Yesu aliwaachia wanafunzi wake mlimani kule Galilaya, kwamba waende kwa mataifa yote. Mnamo 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi.

Wito huo haukwenda moja kwa moja. Miaka miwili baadaye aliondoka chuoni akiwa na mashaka, akasomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen hadi 1834, kisha akahudumu kwa muda mfupi kama kasisi msaidizi katika kijiji kimoja. Lakini mapengo ya ramani hayakumwacha. Akarudi kwa watu wa Basel, na kupitia kwao akaingia katika utumishi wa CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza. Huenda msomaji akashangaa Mjerumani wa Kilutheri alitafuta nini katika shirika la Waingereza. Jibu ni jepesi. Shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1799 lilikuwa na fedha lakini halikuwa na Waingereza wa kutosha waliokuwa tayari kwenda Afrika, hali Basel ilikuwa na vijana tele waliokuwa tayari na wasio na fedha.

Alitumwa Ethiopia mwaka 1837. Alifika Adwa, katika jimbo la Tigray, mwishoni mwa mwaka huo, na kufikia Machi 1838 yeye na wenzake walikuwa wamefukuzwa. Makasisi wa huko hawakuona sababu ya kufundishwa Ukristo na wageni kutoka Ulaya, maadamu Kanisa lao lilikuwapo tangu karne ya nne. Hoja yao haikuwa hafifu, ingawa Krapf hakuikubali. Mwaka uliofuata alipita njia ya Tajura akafika Shewa, katika utawala wa Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko hadi 1842. Ni katika Shewa alipokutana na Waoromo, ambao maandishi ya wakati huo huwaita kwa jina la Wagalla, jina ambalo wao wenyewe hulikataa. Alijifunza lugha yao na kutafsiri sehemu za Injili. Isitoshe, alikusanya miswada ya Kigeezi na kuipeleka Ulaya. Akajijengea nadharia ambayo iliongoza maisha yake yote: kwamba Waoromo, kwa wingi wao na kwa jinsi walivyotapakaa, wangekuwa ufunguo wa Afrika. Wakiongoka wao, alidhani, wangewafikishia jirani zao habari njema bila kusubiri Mzungu.

Nadharia hiyo haikupata nafasi ya kujaribiwa. Mnamo 1842 aliondoka Shewa kwenda kumpokea mchumba wake, akaporwa njiani katika nchi ya Wollo, akafika pwani mikono mitupu. Alimwoa Rosina Dietrich mjini Alexandria mwaka huohuo. Walipojaribu kurudi walikuta njia ya Shewa imefungwa. Katika jaribio moja, mwaka 1843, Rosina alijifungua mtoto wa kike jangwani. Mtoto aliishi saa chache tu. Wazazi wake walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Mtu mwingine angerudi kwao. Krapf alitazama ramani. Ikiwa Waoromo hawafikiki kutoka kaskazini, aliwaza, huenda wakafikika kutoka kusini, maana maskani yao yalienea hadi karibu na pwani ya Waswahili. Mnamo Novemba 1843 yeye na mkewe walipanda jahazi bandarini Aden. Safari ya kwanza iliharibiwa na dhoruba, jahazi likaingia maji, wakaokolewa na kurudishwa Aden. Wakapanda jingine. Mwishoni mwa Desemba walikuwa Takaungu, tarehe 3 Januari 1844 wakaiona Mombasa, na siku chache baadaye wakatia nanga Unguja.

Hapa ndipo hadithi ya Krapf inapokuwa hadithi ya Kiswahili. Unguja alipelekwa na balozi wa Uingereza, Atkins Hamerton, mbele ya Seyyid Said bin Sultan. Mtawala huyo Mwislamu alimsikiliza Mkristo aliyemweleza waziwazi kwamba anataka kuhubiri dini yake, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Katika barua hiyo Krapf alielezwa kuwa mtu mwema anayetaka kuwavuta watu kwa Mungu, na raia wakaagizwa wamtendee vyema na kumsaidia popote aendapo. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu maandishi mengi ya kimisionari ya karne ile yaliisawiri pwani kama ngome ya uadui dhidi ya Ukristo. Misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika nchi hii ilianza kwa ruhusa na hisani ya Mwislamu.

Krapf aliichagua Mombasa kwa kuwa ilikuwa karibu zaidi na Waoromo. Mji wenyewe ulikuwa umeangukia mikononi mwa Seyyid Said miaka saba tu kabla, mwaka 1837, baada ya kuanguka kwa utawala wa Mazrui. Muyaka bin Haji, aliyeyatilia sauti mapambano hayo kwa mashairi yake, anakadiriwa kufariki dunia mnamo 1840. Kwa hiyo mgeni huyu aliingia katika mji ambao mashairi ya Muyaka yalikuwa bado yako vinywani mwa watu. Kama aliwahi kuisikia sifa ya mshairi huyo katika miezi ile ya kwanza, alikuwa na haja nyingine kubwa zaidi: alihitaji mwalimu wa lugha.

Mwalimu aliyempata alikuwa kadhi wa mji, Ali bin Muhyiddin, mwenye asili ya Barawa. Krapf alikuwa ameshajifunza Kiarabu, hivyo waliweza kuelewana tangu siku ya kwanza. Mwezi Juni 1844, ikiwa hata nusu mwaka haijatimia tangu alipoiona Mombasa mara ya kwanza, wawili hao walianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Tukio hilo halina budi kutazamwa kwa makini. Kwa kadhi, habari za Adamu, Nuhu na Ibrahimu hazikuwa ngeni. Alizijua kutoka katika Kurani, na kwa Kiswahili zilikwisha kusimuliwa misikitini, nyumbani na katika tenzi kwa karne kadhaa. Maneno ambayo mfasiri wa Biblia huyahitaji kwanza kabisa yalikuwapo tayari, yamesuguliwa na matumizi: nabii, malaika, dhambi, toba, rehema, imani, baraka, roho, hata injili yenyewe. Huko Rabai, ambako lugha haikuwa na hazina hiyo, kazi ya kutafsiri ilikuwa ya namna nyingine, ya kupapasa na kuuliza upya kila siku. Ukristo wa Kiswahili, basi, ulizaliwa ukiwa na msamiati ulioandaliwa na Uislamu wa Kiswahili, na aliyeutia msamiati huo mkononi mwa mmisionari alikuwa kadhi. Hakuna ushahidi kwamba kadhi aliikubali imani ya mwanafunzi wake, wala kwamba mwanafunzi alimkaribia mwalimu katika dini. Walikubaliana katika lugha, na hilo likatosha kwa kazi iliyokuwa mbele yao. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki.

Kazi ilikuwa na mwezi mmoja tu msiba ulipoingia. Tarehe 6 Julai 1844 Rosina alijifungua mtoto wa kike wa pili. Homa ilikuwa nyumbani, na Krapf mwenyewe alikuwa hajiwezi. Tarehe 13 Rosina akafariki. Mumewe alikuwa amelala karibu naye, mgonjwa kiasi kwamba ilimwia vigumu hata kuinuka kuhakikisha kwamba mkewe amekata roho. Mtoto alifuata siku chache baada ya mama. Kabla ya kufa Rosina alikuwa ameomba asizikwe kisiwani, azikwe bara, kando ya njia waliyopita watu wa bara, ili kaburi lenyewe liwakumbushe ujumbe aliokuwa amekuja nao. Akazikwa huko. Krapf alipopata nguvu za kushika kalamu aliwaandikia wakuu wake London kwamba sasa mwambao wa Afrika ya Mashariki una kaburi la mmisionari, na kwamba walichukue kaburi hilo kuwa dalili kuwa vita vimeanza na wakati wa bara hili kufikiwa na Injili umekaribia. Msomaji wa leo anaweza kuiona barua hiyo kuwa ya imani kuu, au ya mtu aliyekataa kulia mbele ya mabwana zake. Pengine ni zote mbili.

Aliendelea peke yake kwa karibu miaka miwili. Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake kutoka Württemberg, alifika Juni 1846, na Agosti mwaka huo wawili hao, wote wakiwa wanaugua homa, walipanda mlima kwenda Rabai, ambako wazee walikuwa wamekubali kuwapa mahali pa kujenga. Wenyeji wa Rabai ni mojawapo ya makundi ya Wamijikenda, ambao Krapf aliwaita Wanika kwa kufuata jina la dharau lililotumiwa na watu wa pwani. Watu hao walimjua Mulungu, waliwaheshimu koma wa wazee wao na walikuwa na makaya yao matakatifu. Krapf aliyaandika mengi ya hayo kwa usahihi wa mtafiti, kisha akayahukumu kwa ukali wa mhubiri. Alilaani sadaka kwa koma na tembo la mnazi kwa kauli moja, na si mara nyingi alipojiuliza mila hizo zilimfaa nini mwenye kuzifuata. Wazee walimvumilia, wakampa ardhi, wakamsikiliza walipotaka, na hawakumfuata.

Hesabu ya waongofu wake ni fupi kupita kiasi. Anayekumbukwa ni Mringe, mlemavu aliyependa kuja kukaa na wamisionari na kuzungumza nao, ambaye alibatizwa akiwa mgonjwa karibu na kufa. Kwa miaka ya Krapf mwenyewe ni vigumu kupata zaidi ya huyo. Kwa mtu aliyeitika wito wa kuwaendea mataifa yote, mavuno ya mtu mmoja yalikuwa kipimo kichungu, na wakosoaji wake huko Ulaya hawakusita kukitumia.

Hata hivyo hakukaa akihesabu. Injili ya Luka kwa lugha ya Rabai ilichapishwa Bombay mwaka 1848, na Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapishwa Ujerumani mwaka 1850. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuwahi kuona mtambo wa chapa. Mwaka huohuo wa 1850, alipokwenda likizo, alichapisha mjini Tübingen vitabu viwili ambavyo wanaisimu wangali wanavirejelea: muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, na orodha ya msamiati linganishi wa lugha sita za Afrika ya Mashariki. Kitabu hicho cha pili kiliyaweka maneno ya Kiswahili ubavuni mwa yale ya Kinika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Yeyote aliyezipitia safu zake aliweza kuona kwa macho yake mwenyewe kwamba tano kati ya lugha hizo ni ndugu, na ya sita ni mgeni. Uhusiano wa Kiswahili na jirani zake wa bara, ambao baadaye ungebishaniwa sana na wale waliodai kuwa Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganyika, ulikuwa umekwisha kuandikwa safu kwa safu.

Suala la maandishi linahitaji kutajwa peke yake. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya Krapf. Katika sarufi yake alipendekeza hati za Kirumi zitumike badala yake, akatoa hoja za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya fonolojia: hati za Kiarabu hazina herufi za kutosha kwa baadhi ya sauti za Kiswahili, na msomaji asiyeijua lugha hubaki akibahatisha. Ya pili ilikuwa ya dini: aliogopa kwamba hati za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango wa kwenda bara pamoja na kusoma na kuandika. Hoja ya kwanza ina ukweli, ingawa washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walikuwa wakisomana bila taabu kubwa. Hoja ya pili haikuhusu lugha kabisa. Uamuzi uliotokana na hoja hizo mbili ndio ulioelekeza maandishi ya Kiswahili hadi leo, na ndio uliowafanya wajukuu wa watunzi wa tenzi wahitaji wataalamu wa kuwasomea miswada ya babu zao.

Na ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliiokoa miswada hiyo. Mnamo 1854 maktaba ya chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki mjini Halle, Ujerumani, ilipokea kutoka kwa Krapf miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ukiwamo Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, unaohusishwa na Mwengo wa Pate na ambao ni miongoni mwa tenzi kongwe zaidi zinazojulikana. (Neno chuo hapo lina maana yake ya kale ya kitabu, jambo ambalo wasomi wa vyuo vya leo wangefanya vyema kulikumbuka.) Aliyezihofia hati hizo akazilinda. Huenda aliona ndani yake lugha safi kuliko ile aliyoisikia bandarini, kwa kuwa siku zote alishikilia kwamba Kiswahili cha kaskazini, cha Mvita na Lamu, kilihifadhi asili kuliko Kiunguja.

Safari zake za bara zimesimuliwa mara nyingi, na hapa zitapitiwa kwa ufupi. Mwaka 1848, baada ya Rebmann kuona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei, Krapf alikwenda Usambara akapokewa na Mfalme Kimweri huko Vuga. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, na tarehe 3 Desemba akauona mlima mwingine wenye weupe kileleni. Jina lake alilisikia vinywani mwa Wakamba, akaliandika kadiri alivyolisikia. Nchi nzima sasa huitwa kwa jina hilo. Wataalamu wa jiografia wa London waliokuwa hawajafika Afrika walikanusha kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta, na ubishi huo ukachukua miaka.

Safari ya 1851 ndiyo iliyomvunja. Alikuwa akielekea Mto Tana pamoja na Kivoi walipovamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake nyikani. Alipofika mtoni alijaza maji katika mtutu wa bunduki yake na katika ala ya darubini, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Aliporudi kwa watu wa Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, wakamtishia maisha, naye akalazimika kutoroka tena usiku. Alikuwa amependekeza mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya bara, kila kituo kikikabidhi habari kwa kinachofuata. Kufikia hapo mlolongo ulikuwa na kituo kimoja, Rabai, na wamisionari vijana waliotumwa kuuanza walikuwa wakifa kwa homa muda mfupi baada ya kushuka jahazini. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kuondoka.

Alihamia Korntal, karibu na Stuttgart, akaoa tena, na baada ya mke huyo kufariki akaoa mara ya tatu. Kumbukumbu za safari zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Alirudi pwani mara moja, akiwasindikiza wamisionari wa Kimethodisti waliofungua kituo cha Ribe mwaka 1862. Rebmann, ambaye tabia yake ilikuwa ya kutulia mahali pamoja, alibaki Rabai hadi 1875. Katika miaka hiyo kituo kilianza kupata watu, ila si wale ambao Krapf aliwaota. Mnamo 1864 walifika Waafrika waliokuwa wameokolewa utumwani na kulelewa Nasik, India, miongoni mwao William Jones, Ishmael Semler na George David. Baada yao walikuja watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Waoromo hawakuonekana. Rebmann mwenyewe alirudi Ulaya kipofu, akaja kuishi Korntal karibu na rafiki yake, akafariki mwaka 1876.

Katika miaka hiyo ya mwisho Krapf alikuwa mezani akiiandaa kamusi. Malighafi yake ilikuwa imekusanywa kwa miongo kadhaa, yakiwamo maandishi ya Rebmann, na ni kitabu cha ajabu kukisoma hata sasa. Kina kurasa zaidi ya 400. Kiingereza chake ni cha Mjerumani, na tahajia yake humsumbua mtu aliyezoea maandishi sanifu. Hata hivyo ndani yake mna Mombasa nzima ya katikati ya karne ya kumi na tisa: majina ya sehemu za jahazi, ya samaki, ya vyakula, ya mila za ndoa na za mazishi, pamoja na maelezo marefu ambayo mara nyingi husahau kwamba ni ya kamusi na kugeuka masimulizi. Kimvita kimo na mato yake badala ya macho, na ndia yake badala ya njia. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 msingi uliochukuliwa ulikuwa Kiunguja, lahaja ambayo Askofu Edward Steere alikuwa ameichapishia mwongozo wake tangu 1870, na lahaja ya Krapf ikabaki upande. Lakini A. C. Madan aliichota kamusi ya Krapf alipoandaa yake ya 1903, na kutoka kwa Madan maneno yakapita hadi kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya 1939. Kimvita kiliingia katika Kiswahili sanifu kwa mlango wa nyuma.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa asubuhi chumbani mwake akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata. Kaburi lake liko Korntal. Kaburi la Rosina na mtoto liko ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, upande wa Nyali, huko bara alikoomba azikwe.